Kuchora Bahari Iliyochafuka kwa Njia ya Wachoraji wa Romantiki: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Anayeanza kuchora bahari karibu kila mara huanza na povu. Hushika rangi nyeupe, akapiga mistari, akaongeza wimbi juu ya wimbi, na mwishowe picha imejaa fujo lakini haimtishi mtu. Wachoraji wa Ulaya wa zama za Romantiki, takriban kati ya miaka ya 1790 na 1850, walifanya kinyume chake. Waliamua kwanza mtazamaji yuko wapi, kisha mwanga unatoka wapi, na povu likaja mwisho kabisa. Kwa maoni yangu, nguvu ya bahari katika picha zao inatokana na maamuzi hayo mawili kuliko kitu kingine chochote.

Mwalimu wetu mkuu hapa ni Ivan Aivazovsky, na picha yake "Wimbi la Tisa" ya mwaka 1850, iliyoko katika Makumbusho ya Urusi mjini Saint Petersburg. Tafuta nakala yake kubwa na safi mtandaoni, uwe nayo mbele yako unaposoma. Inaonyesha alfajiri baada ya usiku wa dhoruba: meli imeshazama, watu wachache wameng'ang'ania kipande cha mlingoti, jua liko chini nyuma ya ukungu, na maji yamegeuka kijani angavu kwenye vilele. Jina lake limetokana na imani ya mabaharia wa zamani kwamba katika mfululizo wa mawimbi, la tisa ndilo kubwa kuliko yote.

Vifaa

"Wimbi la Tisa" lina kimo cha sm 221 na upana wa sm 332, yaani uwiano wa mbili kwa tatu. Kanvasi ya sm 40 kwa 60 ina uwiano uleule, na inatosha kabisa kujifunzia. Ikiwa kanvasi ni ghali, tumia ubao mwembamba uliopakwa jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia, mara mbili na kupigwa msasa.

Rangi nane zinatosha: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, bluu ya Prussia, kijani cha viridiani, njano ya oka, njano ya kadmiamu, siena iliyochomwa, na nyekundu ya alizarini. Nyeusi usinunue. Ukichanganya altramarini na siena iliyochomwa utapata giza zito lenye uhai ndani yake, na unaweza kulisogeza kwenye ubaridi au joto upendavyo. Ongeza brashi bapa moja pana ya sm 3 au 4, mbili za kati, moja nyembamba, moja laini ya kulainishia ambayo itabaki kavu muda wote, na kisu cha rangi.

Napendelea rangi za mafuta kwa kazi hii, kwa sababu anga ya namna hii inahitaji saa kadhaa za kulainisha na rangi ya mafuta inakupa muda huo. Akriliki hukauka ndani ya dakika chache, hasa kwenye joto letu. Ukiwa nayo tu, fanya anga vipande vipande na uwe na chupa ya kunyunyizia maji.

Wenye rangi za mafuta wana mambo mawili ya usalama. Fungua madirisha unapotumia tapentaini. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyakunje na kuyarundika, kwa maana yanaweza kupata joto na kushika moto yenyewe. Yatandaze nje mpaka yakauke, au yaloweke ndani ya maji.

Kanuni ya matabaka nayo ni lazima: la chini liwe na tapentaini zaidi, la juu liwe na mafuta zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini na picha itapasuka. Mtu asikudanganye pia utumie lami kupata vivuli vizito. Mfaransa Théodore Géricault aliitumia katika "Chelezo cha Medusa", na sehemu kubwa ya picha hiyo imezidi kuwa nyeusi tangu alipoimaliza mwaka 1819. Nyeupe ya risasi waliyoitumia wachoraji wote wa wakati ule ni sumu. Nyeupe ya titani ilikuja karne ya 20, nayo inafanya kazi yote utakayohitaji.

Hatua ya 1: Yasome maji kabla hujashika brashi

Aivazovsky alizaliwa mwaka 1817 Feodosia, mji wa bandari katika rasi ya Crimea, kwenye familia ya Waarmenia, na alifia mjini humohumo mwaka 1900. Inahesabiwa kwamba aliacha takriban picha 6,000. Nyingi kati ya hizo hakuzichora ufukweni. Alichukua alama chache kwa penseli, akarudi ndani, akachora kwa kumbukumbu. Alikuwa na hoja yake: umeme wa radi, upepo wa ghafla na mruko wa wimbi havikai vikusubiri uvinakili, kwa hiyo mchoraji sharti avihifadhi kichwani.

Wewe nawe fanya hivyo. Nenda ukae, usichore kwanza. Chagua wimbi moja likiwa bado mbali, ulifuate kwa macho mpaka livunjike, kisha uchague jingine. Usiangalie bahari nzima kwa pamoja, maana hutakumbuka kitu. Jiulize swali moja kila mara. Kilele kinaanza kuwa chembamba wakati gani? Sehemu gani ya wimbi ndiyo nyeusi kuliko zote? Povu lililobaki kutoka wimbi lililopita linakwenda wapi wimbi jipya linapoinuka? Rangi ya maji ya mbali ni ileile ya maji yaliyo miguuni pako? Ukiona umelipata jibu, funga macho, ulione tena wimbi hilo kichwani, kisha lichore kwa mistari mitano au sita tu.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana jambo la kuzingatia. Mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi makubwa mbali na ufukwe, na ndani yake maji huwa shwari hata siku ambayo nje kumechafuka. Nenda msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mahali penye mlango kwenye mwamba au penye magenge. Siku za bamvua, maji yakijaa, mawimbi mengi hupita juu ya mwamba na kufika karibu yakiwa bado na nguvu. Kaa juu, mbali na ukingo. Jiwe lililolowa ni jiwe lililofikiwa na wimbi, na litafikiwa tena.

Simu yenye video ya mwendo wa polepole itakusaidia kuhakiki umbo la wimbi linapojikunja. Itumie baada ya kutazama kwa macho, kwa sababu simu inakupa umbo tu. Uzito wa wimbi huupati kwenye kioo chake.

Hatua ya 2: Amua jicho liko wapi

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uisome mara mbili.

Ukisimama ufukweni, macho yakiwa mita 1.6 juu ya maji, mstari wa upeo uko umbali wa takriban km 4.5. Ukikaa ndani ya mtumbwi, macho yakiwa mita 0.8, upeo unasogea hadi km 3.2 hivi. Ukipanda kilima cha mita 30 unakwenda karibu km 20. Lakini popote ulipo, upeo upo kwenye usawa wa macho yako. Kutokana na hilo inazaliwa kanuni moja: kitu chochote baharini chenye kimo sawa na jicho lako hugusa mstari wa upeo. Kilicho kifupi kuliko jicho lako hubaki chini yake. Wimbi linalouvuka mstari huo na kukata anga ni refu kuliko wewe.

Mtazamaji wa picha hajui hesabu hii, lakini mwili wake unaijua. Akiona maji yote yako chini ya mstari, anajihisi yuko juu ya jabali, salama, anatazama mandhari. Akiona kilele kimoja kimepanda juu ya mstari, anajihisi yuko ndani ya maji na maji yanamjia. Tazama "Chelezo cha Medusa" katika makumbusho ya Louvre mjini Paris: upande wa kushoto, ambako upepo unakisukuma chelezo, wimbi limeinuka juu ya upeo, na upande wa kulia, mbali sana, kuna nukta ndogo ya meli ya kuwaokoa. Matumaini yako kulia na upepo unawapeleka kushoto. Watu takriban 147 wa meli ya Kifaransa Medusa, iliyokuwa imekwama, walipandishwa kwenye chelezo hicho mbele ya pwani ya Mauritania mwaka 1816, na waliopatikana hai walikuwa 15.

Kwenye kanvasi yako ya sm 40, piga upeo kwa rula, sm 13 hivi kutoka chini. Uwe mlalo kabisa, kwa sababu maji ya karibu huinama kila upande ila upeo hauinami. Kisha chora kilele cha wimbi kuu kikipanda sm 5 au 6 juu ya mstari. Wimbi moja tu ndilo lipande hivyo. Yakipanda yote, mtazamaji anakosa kipimo na mawimbi yanageuka kuwa vilima. Acha pia kipande cha upeo kionekane wazi upande mmoja, kwa sababu bila hicho hakuna anayejua wimbi limevuka nini.

Mwanafikra wa Ireland, Edmund Burke, alieleza mwaka 1757 kwamba hofu inaweza kutupa furaha ya aina yake kuu ikiwa hatari haitugusi wenyewe. Wachoraji waliokuja baada yake walilifanyia kazi wazo hilo kwa miaka mingi, na kimo cha upeo ni chombo chao kimojawapo. Kwa kukisogeza sentimita chache, unampandisha mtazamaji jabalini au unamtia majini.

Hatua ya 3: Chagua mpango wa picha

Nakupa njia tatu. Chagua moja, usizichanganye.

Ya kwanza ni ya Aivazovsky: jua liko chini, njia ya mwanga inashuka kutoka kwake kuja mbele, na mawimbi yanaikatiza. Giza liko pembeni, mwanga katikati. Ndiyo rahisi kwa anayejifunza, na hatua zinazofuata zinaifuata hiyo.

Ya pili ni ya Mwingereza J. M. W. Turner katika "Dhoruba ya Theluji", aliyoionyesha London mwaka 1842 na ambayo sasa ipo katika makumbusho ya Tate. Meli ya mvuke iko katikati, na bahari, theluji, moshi na anga vinaizunguka kwa duara moja kubwa. Upeo umepotea. Wahakiki waliibeza picha hiyo kwamba ni povu la sabuni na chokaa, na Turner aliumia, akashangaa wao wanadhani bahari ikoje. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Aliyewahi kuwa ndani ya tufani anajua kwamba huwezi kutenganisha maji na hewa. Lakini Turner alivunja upeo baada ya kuuchora sawasawa kwa zaidi ya miaka 40. Isubiri njia hii.

Ya tatu ni ya Mjerumani Caspar David Friedrich katika "Mtawa Kando ya Bahari", iliyochorwa kati ya 1808 na 1810, ipo Berlin. Ukanda wa mchanga, ukanda mwembamba wa bahari nyeusi, mtu mmoja mdogo, na anga iliyochukua zaidi ya robo tatu ya picha. Uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kwamba mwanzoni kulikuwa na meli, naye akazifuta. Hakuna wimbi kubwa hata moja, na bado bahari ile inamlemea mtu kuliko dhoruba nyingi. Ukimaliza picha yako ya kwanza kwa njia ya Aivazovsky, ijaribu hii. Itakufundisha kuondoa.

Kabla ya kugusa kanvasi, chora vipicha vidogo vinne au vitano, kila kimoja kikubwa kama kiganja, kwa penseli na vivuli vitatu tu: mweupe, wa kati na mweusi. Kisichosomeka kwa vivuli vitatu hakitaokolewa na rangi.

Hatua ya 4: Nani yumo ndani?

Mtu au chombo ndicho kipimo cha wimbi. Fanya hesabu: ukitaka wimbi la mita 6 na umelichora sm 12, mtu wa mita 1.7 aliye umbali uleule awe na sm 3.4. Wengi huchora mtu mkubwa mno, kwa huruma nadhani, na wimbi linakuwa dimbwi. Mchore mdogo. Usimpe sura, mpe mkao: anayevuta, anayeelea, anayepunga kitambaa.

Ukichora jahazi au ngalawa, hakikisha tanga, kamba na manyunyu vyote vinaelekezwa na upepo mmoja. Baharia atakayeitazama picha yako ataliona kosa hilo kabla ya mengine yote.

Lipo jambo jingine, nalo si la ufundi. Mwaka 1840 Turner alionyesha picha inayojulikana kama "Meli ya Watumwa", iliyoko Boston. Jua jekundu linaipasua bahari katikati, na ndani ya maji mnaonekana mikono na minyororo. Inahusishwa na meli ya Uingereza iliyoitwa Zong: mwaka 1781 mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, na wenye meli wakadai fidia ya bima. Turner hakuwaweka watu wale majini kama pambo la dhoruba. Nawe, ukiweka anayezama katika picha yako, jua amefikaje pale. Huhitaji kuliandika popote, lakini mkao wake, umbali wake na chombo, na mahali mwanga unapomwangukia vitabadilika ukijua.

Hatua ya 5: Paka rangi ya msingi

Usichore juu ya nyeupe tupu. Changanya siena iliyochomwa na tapentaini nyingi, paka kanvasi yote kwa tabaka jepesi, kisha ifute kwa kitambaa mpaka ibaki rangi ya chai hafifu. Ikikauka, chora mistari mikuu kwa brashi nyembamba: upeo, kilele cha wimbi kuu, bonde lililo mbele yake, jua, chombo. Basi. Kahawia hii itachungulia hapa na pale chini ya bluu na kuipa bahari joto usilolitarajia.

Hatua ya 6: Anga kwanza

Maji huchukua rangi kutoka angani, kwa hiyo anga ikamilike kabla hujagusa bahari.

Weka jua chini, karibu na upeo, theluthi moja kutoka upande mmoja. Muhimu zaidi, liwe nyuma ya wimbi kuu, si mbele yake. Anza na nyeupe yenye kadmiamu kidogo sana kulizunguka jua. Ukisogea mbali na jua, ingiza oka, kisha waridi ya alizarini na nyeupe, kisha zambarau ya kijivu ya altramarini, siena na nyeupe, mpaka pembe za juu ziwe nzito. Usiikutanishe njano na bluu moja kwa moja, maana utapata kijani kichafu angani. Ukanda wa waridi katikati yao ndio unaozuia hilo.

Rangi ikiwa bado mbichi, pitisha brashi laini kavu kwa mguso mwepesi, ukiifuta kila baada ya mipito michache. Mawingu yaelekee upande ule unaokwenda upepo wako. Mahali anga inapokutana na bahari karibu na jua, lainisha upeo kidogo kwa ukungu, kama ulivyo katika "Wimbi la Tisa". Mbali na jua uache mkali.

Hatua ya 7: Mwili wa maji

Maji yakitazamwa wima kutoka juu hurudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga, na unaona rangi yao wenyewe. Yakitazamwa kwa mlalo mkali hurudisha karibu mwanga wote, na unaona anga. Ndiyo sababu maji ya mbali yana rangi ya anga, na uso wa wimbi ulioinuka kukukabili una rangi ya maji. Migongo iliyolala kati ya wimbi na wimbi hurudi kuwa na rangi ya anga. Ukiyashika haya matatu, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo: maji ya mbali yapake kijivu kilekile cha anga, kikiwa kizito kidogo. Uso wa wimbi kuu upake Prussia na viridiani, ukizidisha altramarini na siena kadiri unavyoshuka kuelekea mguuni mwa wimbi. Bonde la mbele liwe ndiyo sehemu nyeusi kuliko zote. Brashi ifuate mwendo wa maji: ipande na uso wa wimbi, ilale na mgongo. Mipigo yote ikiwa mlalo, wimbi halitainuka.

Angalia pia nafasi. Wimbi la kina kirefu huvunjika kimo chake kikizidi takriban sehemu moja ya saba ya umbali kati ya kilele na kilele. Wimbi la mita 6, basi, linahitaji angalau mita 42 hadi la pili. Bahari kubwa ina mabonde mapana. Wanaobana mawimbi karibu karibu wanachora bwawa lililopigwa na upepo.

Hapa acha picha ikauke. Akriliki, saa moja. Mafuta, siku kadhaa, na pwani kwenye unyevu huenda zikawa zaidi.

Hatua ya 8: Mwanga ndani ya wimbi

Hapa ndipo Aivazovsky anaponishangaza kila ninapomtazama. Kilele chake kinawaka kutoka ndani.

Sababu yake ni hii. Jua likiwa nyuma ya wimbi, sehemu ya juu iliyo nyembamba hupitisha mwanga. Maji hunyonya wekundu kwanza, na kinachofika machoni ni kijani na samawati. Sehemu ya chini ni nene, mwanga haupiti, inabaki nyeusi. Wimbi, basi, lina mwanga juu na giza chini, tofauti na jiwe lililopigwa na jua kutoka mbele.

Fanya kwa awamu mbili. Kwanza, chini tu ya kilele, paka ukanda wa nyeupe, viridiani kidogo na kadmiamu kidogo, uwe mweupe kuliko unavyoona inafaa. Upana wake uwe vidole viwili mahali wimbi ni jembamba zaidi, kisha upungue na kupotea pembeni. Ulainishe ukingo wake wa chini uingie gizani bila mstari. Acha ukauke kabisa.

Pili, changanya viridiani na mafuta ya kitani mpaka iwe nyembamba ya kupitisha mwanga, uipake juu ya ukanda huo na ushuke nayo kidogo. Kisha chukua kitambaa safi, ufute taratibu pale ambapo maji ni membamba kuliko pote. Nyeupe ya chini itang'aa kupitia kijani. Ikikauka, unaweza kurudia kwa tabaka la kadmiamu jembamba sana upande wa jua.

Sehemu inayowaka isizidi ukubwa wa kiganja. Najua utatamani kuwasha mawimbi yote, kwa sababu ni raha kuliko hatua nyingine zote. Jizuie. Mwanga huu unakula giza lililouzunguka, na giza hilo ndilo uzito wa bahari. Piga picha kwa simu, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe: lionekane doa moja angavu angani na moja ndani ya maji, na la angani liwe kali zaidi.

Hatua ya 9: Povu, mwishoni

Sasa ruhusa imetoka. Povu lililo kivulini si jeupe. Changanya nyeupe, altramarini na alizarini kidogo upate kijivu chenye zambarau, na upake povu lote kwa hicho. Nyeupe safi yenye chembe ya kadmiamu iwekwe tu pale jua linapogusa, kwa kisu cha rangi, kwa mguso mmoja usiorudiwa.

Povu la zamani lililotandaa juu ya uso wa wimbi lina matundu kama wavu. Kwenye maji yaliyolala matundu huwa mapana na kulala. Kwenye uso unaoinuka huvutwa kuelekea juu yakawa marefu. Kwa hiyo wavu huo ndio unaoonyesha mkunjo wa wimbi. Uchore kwa brashi nyembamba, ukianzia bondeni na kupanda, mistari ikikaribiana kadiri inavyofika kileleni. Usiufunike ukanda unaowaka. Pitisha nyuzi mbili tatu tu juu yake, ziwe nyeusi dhidi ya mwanga.

Manyunyu yanayopeperushwa kutoka kileleni yapakwe kwa brashi kavu yenye rangi kidogo sana, kuelekea uendako upepo. Kwa matone, chovya mswaki wa zamani, urushe kwa kidole, ukiwa umefunika anga kwa karatasi.

Hatua ya 10: Kukausha, kutundika, vanishi

Weka picha ikitazama ukuta kwa siku nzima usiione. Ukirudi, tafuta kitu cha kuondoa: povu lililozidi, wimbi dogo lisilo na kazi. Kuongeza hapa ni nadra kusaidia.

Itundike upeo wa picha ukiwa kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama, mita 1.5 hadi 1.6 kutoka sakafuni, na si juu karibu na dari kama tulivyozoea sebuleni. Hapo wimbi lililovuka upeo litakuwa refu kuliko mtazamaji kwelikweli.

Picha ya akriliki unaweza kuipaka vanishi baada ya wiki moja au mbili. Ya mafuta, subiri miezi sita au zaidi ikiwa rangi ni nene. Ijaribu kwenye kona kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo: kikitoka na rangi, bado. Kikitoka safi, ilaze picha mezani, paka vanishi nyembamba kwa brashi pana kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na uifunike vumbi lisiiangukie mpaka ikauke.